Shangazi, kampuni inataka chaneli yangu, na mama anasema nitie sahihi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Gemu za mpira nilizianza kwenye kibanda cha PlayStation cha mtaani, pale mtu analipa kwa mechi na anayefungwa anampisha mwenzake. Mimi nilikuwa sipishi. Ilifika mahali mwenye kibanda akaniomba niwe naenda usiku tu, maana nikikaa mchana wateja wake wanafungwa, wanasonya, wanaondoka.

Kutoka hapo nikaingia mashindano ya Mombasa, kisha ya Nairobi, mwishowe nikachukuliwa na timu. Tulilipwa posho, nauli na sehemu ya zawadi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa miaka kadhaa, sikuwa na nyingine. Nilivaa jezi yenye jina langu mgongoni, na redio za hapa zilinialika. Baadaye mfadhili akajitoa, posho zikaanza kuchelewa, halafu meneja akawa hapokei simu. Timu ikafa bila hata kikao cha kuagana. Zawadi za mashindano mawili mpaka leo sijaziona.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kurekodi video, nikieleza kwa Kiswahili jinsi ya kukaba, jinsi ya kupiga frikiki, jinsi ya kumchosha mpinzani anayekimbia ovyo. Watu wakapenda. Leo chaneli ina wafuatiliaji 41,000, wengi wa Kenya na Tanzania, na wako ndugu zetu wa Oman na Ulaya wanaosema wanakuja kunisikia nikiwatania wapinzani kwa Kimvita. Mwezi mzuri napata kama shilingi 45,000 za matangazo ya YouTube. Mwezi mbaya, mfano Januari, nilipata 14,000. Juu ya hapo kuna duka la simu linalonilipa kidogo nikiwatangazia.

Sasa kampuni moja ya Nairobi imenifuata na mkataba wa miaka mitatu. Wao watanipa mshahara wa 60,000 kila mwezi, kompyuta ya nguvu, kamera na chumba cha kurekodia. Mimi nitoe video nne na laivu tatu kila wiki, nisifanye kazi na mtu mwingine, asilimia 70 ya mapato ya matangazo iende kwao, na usimamizi wa chaneli uhamie kwao. Kuna kipengele kinasema jina ninalotumia na video zangu zote, za zamani na zijazo, ni mali ya kampuni. Nilipouliza nikaambiwa hayo ni maneno ya kawaida ya mawakili. Tena nimedokezwa kwamba mteja wao mkubwa ni kampuni ya kamari, kwa hiyo kwenye kila laivu nitakuwa nasoma mkeka wa siku, yaani mechi za kubetia.

Mama amefurahi sana. Amechoka kuniona nimelala mpaka adhuhuri, na baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo macho yote yako kwangu. Anasema mshahara ni mshahara, hata kama ni mdogo. La kamari hajaambiwa. Mchumba wangu ni mwalimu wa chekechea, na ndiye anayeniandikia hesabu zangu kwenye daftari. Yeye aliusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, akaukunja, akanirudishia bila neno. Lakini ami yake, ambaye ndiye walii wake, alikuwa ameapa kwamba hamuozi binti kwa mtu anayecheza gemu. Alipotajiwa mshahara akalegea. Nikahi tumepanga mfunguo tatu.

La mwisho, Shangazi. Mkono wangu wa kulia hufa ganzi usiku. Na sichezi tena kama zamani. Vijana wa miaka 17 wananifunga laivu, watu wanaandika "mzee staafu". Naogopa siku watakayogundua kwamba yule bingwa hayupo tena, wataondoka wote. Ndiyo maana nafikiri bora nichukue hizi pesa kabla hawajaniona.

Kijana wa Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ulipomalizia, kwa sababu naona hapo ndipo mkataba ulipokupatia. Unasema watu wakigundua umeshuka wataondoka. Mwanangu, wameshagundua. Umefungwa mbele yao, wameandika "mzee staafu", na kesho yake wamerudi. Mtu anayekufuata kwa sababu hufungwi angekuwa ameshahamia kwa huyo kijana wa miaka 17. Hawa wa Muscat wanaokuja kusikia utani wa Kimvita hawajali umefungwa mangapi. Nadhani wengine wanafurahi zaidi ukifungwa.

Kuna mtu nataka umtazame vizuri, kwa sababu njia yake ni hii yako, ila yeye aliipita kwenye uwanja mkubwa. Michael Grzesiek, anayejulikana kama Shroud, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa gemu ya Counter-Strike katika timu ya Cloud9 ya Marekani kuanzia 2014. Oktoba 2016 timu yao ilishinda fainali za ESL Pro League mjini São Paulo, na watu wakadhani sasa ndiyo kwanza ameanza. Mwaka uliofuata akatoka kwenye kikosi cha kwanza, na Aprili 2018 akatangaza kustaafu rasmi. Alikuwa na miaka 23. Wewe una 26 na unaona neno "staafu" ni mwisho wa dunia!

Alipoacha timu alikuwa ameshajenga kazi ya laivu pembeni. Mwaka 2017 ilipotoka gemu ya PUBG akaicheza, na watu waliomjua kwa Counter-Strike wakamfuata huko, wakaja na wengine ambao Counter-Strike hawakuwahi kuishika. Baada ya hapo amepita gemu nyingi. Sifa yake ya kwanza ilikuwa shabaha, ni kweli. Lakini kinachowakalisha watu mbele ya laivu kwa saa nyingi ni ule utulivu wake, anavyoongea kama mtu aliyekaa barazani na wewe. Julai 2022 alirudi kwenye mashindano na timu ya Sentinels, safari hii kwa gemu ya Valorant. Walitolewa bila kufuzu kwenda kwenye mashindano ya dunia. Akarudi kwenye laivu zake, kazi ikaendelea.

Kwa hiyo usiuze kwa hofu. Bei ya mtu mwenye hofu huwa ni ndogo, na hawa wa Nairobi wameinusa.

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Chukua kalamu ufanye hesabu hii na mchumba wako. Kwenye video ndefu, katika kila shilingi 100 za tangazo zinazoingia, YouTube hubaki na 45 na kukupa wewe 55. Kwenye zile video fupi za Shorts sehemu yako ni 45. Sasa kampuni ikichukua asilimia 70 ya hiyo 55, unabaki na shilingi 16 na nusu. Hiyo ni kwa kazi uliyoifanya wewe, kwa sauti yako, kwa mkono wako unaokufa ganzi. Na kumbuka YouTube humlipa mwenye akaunti ya AdSense, ile ya malipo ya Google, iliyounganishwa na chaneli. Usimamizi ukihamia kwao, pesa zitaingia kwao kwanza, na wewe utakuwa unangoja kuambiwa mwezi huu zimeingia ngapi. Ulishawahi kungoja meneja apokee simu. Unajua ladha yake.

Mshahara nao uangalie kwa jicho la payslip. Kama kweli ni ajira, kwenye 60,000 kuna kodi ya PAYE, NSSF ya uzeeni, SHA ya hospitali na tozo ya nyumba. Nimepiga hesabu kwa viwango ninavyovijua, mkononi utashika kama 45,000. Yaani mwezi wako mzuri wa sasa. Mama yako hajakosea kabisa, maana faida yake ni kwamba Januari nayo utapata hizo hizo, na michango ya uzeeni na hospitali inakatwa bila wewe kukumbushwa. Lakini ndiyo hiyo tu faida, mwanangu. Kwa hiyo wanakupa mwezi wako mzuri, na wewe unawapa video nne na laivu tatu kila wiki kwa miaka mitatu, pamoja na kila ulichorekodi tangu siku ya kwanza.

Na hapa ndipo pananiuma zaidi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, au uliyoagizwa kuifanya kwa mkataba, hakimiliki yake huhamia kwa mwajiri au mwagizaji, ila kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo hata wasingeandika kipengele chochote, video za baadaye zingekuwa na mgogoro. Wao wameenda mbali zaidi, wametaka na za zamani ambazo hawakuzilipia hata bando. Na wametaka jina. Siku mkataba ukiisha utatoka pale ukiwa na miaka 29, bila chaneli, bila video, na hutaruhusiwa kujiita jina ambalo watoto wa Temeke wanalijua. Huko ndiko kunaitwa maneno ya kawaida ya mawakili?

Wako waliokutangulia kwenye hili. Turner Tenney, kijana wa Marekani aliyejulikana kama Tfue, alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa gemu ya Fortnite na video zake zilitazamwa dunia nzima. Mei 2019 aliishtaki timu yake, FaZe Clan, akidai mkataba wake uliiruhusu kuchukua hadi asilimia 80 ya baadhi ya pesa za wadhamini. Timu ilikana kumnyonya, ikasema yote iliyochukua kwake ni dola 60,000. Waliishia kupatana mwaka 2020. Nani alikuwa na haki sitaki kuamua mimi kutoka hapa. Ninachokiona ni mtu aliyetia sahihi akiwa bado mdogo kwenye kazi hii, akaja kuusoma vizuri mkataba baada ya kuwa mkubwa.

Upande wa pili yuko Shroud huyo huyo na mwenzake Tyler Blevins, yaani Ninja, ambaye naye alianzia kwenye mashindano ya gemu ya Halo. Mwaka 2019 Microsoft iliwavuta wote wawili wahamishe laivu zao kwenye jukwaa lake la Mixer, Ninja mwezi Agosti na Shroud Oktoba. Ilikuwa ni mikataba ya kufunga, wasionekane laivu kwingine. Julai 2020 Mixer ikafungwa. Kampuni kubwa kiasi kile, na jukwaa halikumaliza hata mwaka tangu Ninja aingie. Lakini kabla ya Septemba hiyo kuisha wote wawili walikuwa wamesharudi Twitch, jukwaa lao la laivu la zamani, na watu wao wakiwa nyuma yao. Waliuza muda. Majina walibaki nayo. Jiulize hii kampuni yako, ambayo bila shaka si Microsoft, ikifunga ofisi mwakani utarudi na nini.

Kwa hiyo jibu langu ni usitie sahihi karatasi hii kama ilivyo. Sisemi uwafukuze. Kompyuta na chumba cha kurekodia ni vitu vya maana, na mtu wa kukutafutia matangazo unamhitaji, kwa sababu naona duka la simu linakulipa "kidogo" na wewe umeridhika. Warudie na pendekezo lako. Wachukue asilimia ya matangazo wanayoyaleta wao, tuseme 20 au 30 mtakavyoelewana, wasiguse pesa ya YouTube. Mkataba uwe wa miezi 12. Jina, chaneli na video zibaki zako, na iandikwe hivyo kwa maneno, isiachwe ikaelea. Wakitaka kupandisha video au kuona takwimu, YouTube Studio inakuruhusu kumpa mtu nafasi ya meneja au mhariri bila kumpa nywila yako, na siku mkigombana unamwondoa. Video nne na laivu tatu kwa wiki hapana, mkono huo hauwezi. Halafu mpelekee wakili aipitie kabla ya sahihi. Wakikuambia ukiipeleka kwa wakili ofa inaondoka, basi iache iondoke.

Kabla ya kukaa nao mezani kuna jambo dogo. Umenitajia jina la chaneli yako, sitalichapa hapa, lakini lina jina la gemu ndani yake. Gemu si yako, wala jina lake si lako. EA Sports walitoa FIFA kwa miaka na miaka, wakaachana na shirika lenyewe la FIFA, na mwaka 2023 gemu ikatoka ikiitwa EA Sports FC. Konami nao mwaka 2021 waliizika gemu yao ya PES ikawa eFootball. Waliojiita kwa majina yale walibaki na vibao vya duka lililohama. Chukua lile jina ulilopewa pale kibandani, lile lililokuwa kwenye jezi, liwe ndilo jina la chaneli, kisha ulipeleke KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya ubunifu, ulisajili kama alama ya biashara. Usajili ni wa miaka 10 na unaweza kuhuishwa. Kampuni ikishaona jina limesajiliwa kwako, mazungumzo yatakuwa mengine.

Sasa kamari. Unasema mama hajaambiwa, na ami naye nina hakika hajaambiwa. Ami amelegea kwa mshahara ambao hajui unatoka kwenye mkeka. Hebu fikiria mfunguo tatu imefika, umeshaoa, halafu mzee yule anaonyeshwa simu msikitini na kijana wa jirani: tazama mkweo anavyohimiza watu waweke pesa. Nyumba yenu na ya kwao zinajua kamari ni nini, sihitaji kuwahubiria. Weka dini pembeni ukitaka, utazame kazi tu. Watazamaji wako ni vijana wadogo. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha ukaja mwongozo unaowakataza watu mashuhuri na watengenezaji wa maudhui kuitangaza. YouTube nayo mwaka huo huo ilikaza kamba kwa video zinazowapeleka watu kwenye tovuti za kamari ambazo Google haijaziidhinisha. Chaneli ikipigwa, itakayopigwa ni yako, si ofisi yao. Kaa na mama yako, umweleze taratibu habari hiyo ya kamari. Nina shauku kujua kama bado atasema tia sahihi.

Kuhusu ami, nitakukera kidogo. Mzee hajakosea kuuliza. Amekosea kudhani kwamba kazi yako ni kucheza, lakini swali lililo chini ya maneno yake ni sahihi: ukiugua miezi mitatu, binti yetu atakula nini? Usimjibu kwa idadi ya wafuatiliaji, hazinunui unga. Mjibu kwa lile daftari. Mwambie mchumba wako akutafutie mwezi mbaya kuliko wote wa mwaka mzima, na huo ndio muufanye mshahara wenu. Muishi kwa 14,000 hizo pamoja na mshahara wake, na kila kinachozidi mwezi mzuri kiende akiba mpaka muwe na miezi kadhaa mbele. Januari huwa mbaya kwa karibu kila mtu wa kazi hii, kwa sababu wafanyabiashara humwaga pesa za matangazo Desemba kisha wakafunga mkoba. Utaipata kila mwaka. Jisajili SHA mwenyewe, na NSSF inapokea hata wasioajiriwa. Ukimwekea ami daftari, kadi na stakabadhi mezani, utakuwa umemjibu kama mwanamume, na binti ambaye ndiye aliyeziandika hesabu hizo atakuwa amekaa pembeni yake. Huyo msichana, kwa njia, usimpoteze. Aliyekunja mkataba bila neno alikuwa amesema yote.

Kazi ya pili nayo si aibu. Sylvia Gathoni, QueenArrow, alipata mkataba na timu ya nje kwa gemu ya Tekken huku akisoma sheria hapa hapa Kenya. Wewe unajua kurekodi na kukata video. Mombasa ina mahoteli, maduka ya mitumba ya mtandaoni, maharusi kila wikendi, na wote wanatafuta mtu wa video. Siku mbili za kazi hiyo kwa wiki zinaweza kuziba pengo la Januari bila wewe kuuza jina.

Na kodi, mwanangu, usiniambie hujui. Mapato ya video ni mapato, unayatangaza kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kabla ya tarehe 30 Juni. Toka Julai 2023 kampuni ya hapa inayokulipa kwa maudhui inapaswa kukukata asilimia 5, kwa hiyo waulize duka la simu kama wanakata na wakupe cheti. Kule Google hakikisha umejaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Ukiijaza wanakata tu kwenye sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani. Usipoijaza wanaweza kukukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, pamoja na ya mtazamaji wa Likoni.

Mkono. Vidole kufa ganzi usiku ni dalili ya kawaida ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na kwa mtu anayeshika padi saa nyingi halafu anakaa kwenye kompyuta kukata video, si ajabu. Nenda hospitali wiki hii ukaonane na daktari au mtaalamu wa viungo. Ukiwahi huenda ikatosha kupumzisha mkono na kuuvalisha gango la kunyoosha kifundo usiku. Ukichelewa, misuli ya kidole gumba inaweza kudhoofika, na kidole gumba ndicho mali yako yote. Na huo usingizi wa mpaka adhuhuri mama yako ana haki ya kuulalamikia. Jian Zihao wa China, yule Uzi aliyekuwa nyota wa gemu ya League of Legends, alistaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23 kwa sababu ya afya, kisukari kikiwemo. Kukesha, kukaa kitako na kula ovyo. Weka laivu zako baada ya Isha, ufunge mapema. Hata wa Oman watakushukuru, wao wako saa moja mbele.

Bado zile zawadi mbili ambazo umezitaja kama kitu kilichopita. Hazijapita. Iko Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Kusanya mkataba wa timu kama unao, ujumbe wa WhatsApp wa meneja, matokeo ya mashindano yaliyotangazwa, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha posho za mwanzo zilikuwa zikitoka kwa nani. Wapigie na wenzako mliokuwa nao kwenye timu, kwa sababu nina hakika hukudhulumiwa peke yako. Madai ya mkataba yana muda wake, miaka sita tangu pesa ilipostahili kulipwa, kwa hiyo tazama tarehe ya shindano la kwanza kabla ya kufanya lolote.